Fueli ya jua

Fueli ya jua ni jina la jumla la haidrojeni, methanoli, mafuta ya taa na vitu vingine vya kuwashwa vinavyotengenezwa kwa maji na kaboni dioksidi kwa nguvu ya jua. Tofauti na umeme wa paneli, hukaa ndani ya pipa au mtungi mpaka ihitajike.

Historia

Mimea hufanya kazi hiyo kwa usanisinuru, ingawa mazao mengi hutunza takriban asilimia 1 tu ya nguvu ya jua. Mwaka 1912 mkemia Mwitalia Giacomo Ciamician alivitaka viwanda viache makaa ya mawe na kuiga majani. Hatua kubwa ilikuja mwaka 1972, Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walipoonyesha kwamba fuwele ya titani dioksidi, ikitumbukizwa majini, ikaunganishwa na platini na kumulikwa, huyavunja maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Fuwele yao ilikuwa rutili, madini yaleyale yaliyochimbwa Kwale, pwani ya Kenya, hadi Desemba 2024 na kuuzwa nje, hasa kwa watengenezaji wa rangi.

Kasoro ya rutili ni kwamba hunasa miali ya urujuanimno tu, ambayo ni sehemu ndogo ya mwanga wa jua. Mwaka 2021 kundi la Kazunari Domen, Japani, lilitoa matokeo ya paneli za kichocheo cha jamii hiyo zenye eneo la mita za mraba 100. Ufanisi wake ulifika asilimia 0.76.

Njia ya joto

Mtafiti Aldo Steinfeld wa Zürich, Uswisi, alitumia vioo kupasha oksidi ya seriamu hadi nyuzi 1,500 za Selsiasi. Ikiwa moto huachia oksijeni. Ikipoa kiasi huipokonya tena kutoka kwenye mvuke na kaboni dioksidi. Hubaki haidrojeni na kaboni monoksidi, ambazo hugeuzwa mafuta ya ndege. Matokeo ya mnara wake wa vioo huko Móstoles, Hispania, yalichapishwa mwaka 2022: ufanisi wa takriban asilimia 4.

Boko

Nchini Tanzania, Boko, kando ya Barabara ya Bagamoyo wilayani Kinondoni, Dar es Salaam, ina malighafi zote za fueli hiyo jirani. Mashariki ni Bahari ya Hindi, ingawa maji yake lazima yatolewe chumvi kwanza. Upande wa Tegeta kipo kiwanda cha saruji cha Wazo, kilichoanza uzalishaji mwaka 1966. Mawe ya chokaa yakichomwa hutoa kaboni dioksidi yenyewe, mbali na ile ya moto, hivyo kubadili nishati ya tanuri hakuiondoi. Jua ni kali, lakini mawingu ya pwani hutawanya miali; minara ya vioo ingefaa zaidi Dodoma au Singida.

Hali ya sasa

Mahitaji ya nishati safi yapo hadi jikoni: mkakati wa taifa wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Boko mkaa bado unauzwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakiko mbali na Wazo, na watafiti wake wanastahili kupewa nafasi ya kujaribu fueli ya jua, wakianzia na kaboni dioksidi ya bomba la moshi la tanuri la kiwanda hicho.