Kundi: neno lililotoka malishoni

Huko Masisi, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, barabara ya kutoka Sake kwenda Kitchanga inapita Burungu, katikati ya vilima vya malisho. Huko sema tu "kundi limepita usiku", na hakuna atakayeuliza ng'ombe walikuwa wangapi. Watauliza ni la nani, na limeelekea wapi.

Neno lenyewe halina hatia. Kamusi ya Madan ya 1903, na ile ya Johnson iliyoifuata mwaka 1939, zinalitaja kwa vitu vilivyo pamoja, hasa vyenye uhai: ng'ombe, mbuzi, watu. Nyanya za sokoni ni fungu, kuni ni mzigo, noti ni bunda, nyuki ni bumba. Kundi lazima liwe na miguu. Jirani zake, umati, jamii na jeshi, wana asili ya Kiarabu. Lenyewe ni la Kibantu, na mdogo wake ni kikundi.

Ufugaji wa Masisi ulipanuka enzi za Wabelgiji, waliohamishia huku watu kutoka Rwanda kuanzia 1937 hadi 1955. Machi 1993 damu ilimwagika sokoni Ntoto, Walikale, vita vikapanda Masisi, na ng'ombe wengi wakaporwa. Makundi ya zamani yalipopungua, yakaja ya aina nyingine.

Januari 23, 2008, Goma, mkutano wa amani ulimalizika kwa wenye silaha kutia saini ahadi ya kusitisha mapigano. Kwa Kifaransa waliitwa *groupes armés*. Kwa Kiswahili, makundi yenye silaha. Ila tazama majina waliyojipa wenyewe! CNDP ni kongamano la kulinda wananchi, APCLS ni muungano wa wazalendo, M23 iliyokuja 2012 ni vuguvugu. Hata wapiganaji waliojikusanya upande wa serikali wakachagua Wazalendo. Kundi, daima, ni wale wengine. Kwa sikio langu hapo kuna ugomvi mzima wa Kivu: kila mmoja anataka kuwa taifa, na mwenzake abaki mifugo.

Raia nao wamelikwepa. Akina mama wanaowekeana pesa kwa zamu wana likelemba. Vijana kwenye simu wana grupu. Limebaki hospitalini, kwenye kundi la damu, na kanisani, ambako mchungaji bado huliombea kundi lake bila mtu kutazama mlango.