Mvuke wa Olkaria, Upepo wa Turkana

Watunga sera wetu huizungumzia nishati jadidifu kana kwamba ilizaliwa katika mikutano ya tabianchi. Historia ya Kenya yasema vingine. Mwaka 1956, nchi ikiwa ingali chini ya hali ya hatari, visima vya kwanza vya majaribio vilianza kuchimbwa Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha. Joto lilikuwapo, lakini mvuke wa kutosha kuendesha mtambo haukupatikana, na kazi ikaachwa. Utafiti ulirejewa miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, zama ambazo bei ya mafuta ilikuwa imetikisa hazina za mataifa maskini. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981. Robo karne! Sijui ni waziri gani wa leo angeusubiri mradi ambao hatauzindua yeye.

Upepo ulikuja kwa mwendo mwingine, nao ulikuja na mwekezaji binafsi. Karibu na Loiyangalani, katika Kaunti ya Marsabit, ilisimamishwa mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Mapema, mwaka 2012, Benki ya Dunia ilikuwa imejiondoa, ikihofia kwamba Kenya ingefungwa na mkataba wa kulipia umeme isioweza kuutumia. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, ila njia ya kusafirisha umeme hadi Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, haikuwa imekamilika. Ujenzi wake ulikuwa jukumu la serikali, na mkandarasi wa Kihispania aliyepewa kazi alikuwa ameishiwa fedha. Mitambo ikasimama upeponi, na serikali ikawajibika kulipa fidia ya mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwasha hata taa moja. Gridi ya taifa iliupokea Septemba 2018.

Wahandisi huikomesha simulizi hapo, maana kwao tatizo lilikuwa waya. Wafugaji wa Marsabit wana simulizi nyingine. Mradi ulipewa ekari 150,000 za ardhi ya jamii, ambapo mitambo yenyewe imechukua sehemu ndogo tu. Baadhi ya wakazi walikwenda mahakamani mwaka 2014, kabla ya nguzo za mitambo kusimama. Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyoketi Meru, ilitoa hukumu Oktoba 2021: hati miliki zilipatikana bila kufuata sheria. Kufikia siku hiyo umeme ulikuwa umeshatiririka kwa miaka mitatu, na rais alikwisha kuuzindua mradi tangu Julai 2019. Majaji waliwapa wahusika mwaka mmoja kurekebisha utaratibu ambao, kwa mujibu wa sheria, ulipaswa kutangulia msingi wa kwanza kumwagwa.