Kioo cha Jirani

Nilikuwa na miaka tisa nilipovunja kioo cha dirisha la jirani kwa mpira. Baba alilipa kwa fedha aliyoiweka kwa ajili ya viatu vyangu vya shule.

Baadaye, nikisoma sheria, nilikutana na Warumi. Kwao, mtoto aliye chini ya mamlaka ya baba akimdhuru mtu, baba alichagua: alipe fidia, au amkabidhi mtoto kwa aliyedhurika. Mwaka 533, sheria za Kaisari Justinian zilikataza kukabidhi watoto. Watumwa waliendelea kukabidhiwa.

Mwaka 1804, sheria ya Napoleon ilimtwisha baba hasara iliyosababishwa na mtoto mdogo anayeishi naye. Uingereza, ambako Tanganyika ilirithi sheria zake nyingi, ilishika njia nyingine: mzazi hawajibiki kwa uzazi peke yake, mpaka ithibitike kwamba yeye mwenyewe alizembea.

Nilimweleza baba haya yote, nikamwambia huenda hakudaiwa hata senti moja. Akacheka.

“Sasa ulitaka nifanye nini, mwanangu? Nikukabidhi wewe?”

Mwaka ule nilikwenda shule na viatu vilivyotoboka. Nyumbani nilirudi kila jioni.