Meya Aliyeajiri Wachekeshaji Kuongoza Magari: Stori ya Bogotá

Mwaka 1993, ndani ya ukumbi wa chuo kikuu cha taifa cha Colombia, jijini Bogotá, wanafunzi wamefurika na hawataki kumsikiliza mtu. Ni miluzi na kuzomea tu. Mkuu wa chuo, mwalimu wa hisabati na falsafa, mtoto wa wahamiaji kutoka Lithuania, anasimama kutaka kuongea. Wapi! Basi jamaa akawapa mgongo, akashusha suruali, akawaonyesha makalio. Ukumbi mzima kimya.

Bahati mbaya (au nzuri, inategemea unamuuliza nani) kulikuwa na kamera. Tukio likarushwa kwenye TV na mkuu wa chuo akaachia ngazi. Kwingine stori yake ingeishia hapo, abaki kuwa kichekesho cha vijiweni. Lakini watu wa Bogotá walikuwa wamechoshwa na wanasiasa waongo kiasi kwamba mtu asiyeficha kitu, hata makalio, akaonekana ni afadhali. Uchaguzi wa Oktoba 1994 wakampa umeya.

Sasa ujue alikabidhiwa jiji la namna gani. Mwaka 1993, katika kila wakazi 100,000 wa Bogotá karibu 80 waliuawa ndani ya mwaka huo mmoja. Barabarani nako ni vita. Ajali ziliua watu wapatao 1,300 mwaka 1995, wengi wao ni watembea kwa miguu. Madereva wa mabasi walilipwa kwa idadi ya abiria, kwa hiyo wakawa wanakimbizana kituo hadi kituo kugombea vichwa. Aliyewahi kupanda daladala yenye deni la hesabu ya bosi hahitaji maelezo zaidi. Na trafiki wa jiji walijulikana kwa jambo moja: kitu kidogo.

Meya akawavunja hao trafiki wa jiji, kazi yao ikahamishiwa polisi wa taifa. Pia akaleta watu ambao hakuna aliyewategemea: waigizaji bubu. Wale wanaopaka uso rangi nyeupe na kuigiza bila kutoa sauti. Walianza 20 tu, baadaye wakafika zaidi ya 400.

Hawakuwa na bunduki, hawakuandika faini. Dereva akisimamisha gari juu ya zebra, anakuja mmoja anamkunjia uso, anajifanya kulisukuma gari lirudi nyuma, huku watu wote wanacheka. Mtembea kwa miguu akikatiza barabara hovyo, mwigizaji anamfuata nyuma anaiga mwendo wake hatua kwa hatua. Hoja ya meya ilikuwa kwamba faini unaweza kuizoea, na trafiki unaweza kumhonga, lakini kuchekwa na mtaa mzima huwezi kumhonga mtu akuondolee. Wananchi nao wakagawiwa kadi, upande mmoja dole gumba juu, upande mwingine dole gumba chini, ili wapongezane na kusutana barabarani bila matusi.

Lakini si kila kitu kilikuwa kichekesho. Sehemu ambazo watembea kwa miguu waligongwa wakafa, jiji lilichora nyota kwenye lami. Zilifika zipatazo 1,500. Unavuka barabara ukiwahi kazini, unakanyaga nyota, unajua mtu alifia pale pale. Ukivuka barabara hiyo hiyo kila siku, nyota ile inakusubiri kila siku.

Na vituko viliendelea. Jiji lilipopungukiwa maji, meya alionekana kwenye TV anaoga, anafunga bomba wakati wa kujipaka sabuni, anawaomba watu wafanye hivyo hivyo. Matumizi ya maji yakashuka. Alivaa nguo za kubana na joho kama shujaa wa katuni, akajiita raia mkuu. Baa zikaambiwa zifunge saa saba usiku, maana mauaji na ajali nyingi zilitokana na pombe za alfajiri. Wapenda starehe walilalamika sana, na hapo mtu anaweza kuwaelewa.

Halafu akakosea. Mwaka 1997 aliacha umeya kabla muda haujaisha ili akagombee urais, na hakuupata. Wengi waliona amewatelekeza. Aliporudi kuomba umeya tena mwaka 2000, aliingia kwenye chemchemi ya hadharani na kujilowesha maji kama toba. Watu wakamsamehe, akaongoza tena kuanzia 2001 hadi 2003.

Katikati hapo, 1998 hadi 2000, jiji lilikuwa mikononi mwa meya mwingine, mtu tofauti kabisa. Huyu hakuwa na maigizo. Huyu alikuwa mtu wa zege. Msimamo wake ulikuwa kwamba mwenye gari ni mmoja na wanaotembea ni wengi, kwa hiyo njia ya miguu haiwezi kuwa maegesho ya mmoja. Akapanga nguzo fupi kando ya barabara ili magari yasipande juu. Wafanyabiashara na wenye magari walimchukia mpaka zikaanza harakati za kumng'oa. Hakung'oka. Akajenga mamia ya kilomita za njia za baiskeli, mabustani hadi vitongoji vya maskini, na maktaba kubwa. Moja ya hizo, El Tintal, ilijengwa kutokana na jengo lililokuwa la kuchakatia taka. Watoto wanasomea mahali ambapo zamani palikuwa panapokea uchafu wa jiji.

Desemba 2000 akazindua kitu ambacho mkazi wa Dar es Salaam anakijua vizuri: mabasi marefu kwenye njia yao wenyewe, vituo vya katikati ya barabara, unalipa kabla hujapanda. Kule yanaitwa TransMilenio. Waliopanga mwendokasi wa Dar waliangalia sana mfano huo, na Mei 2016 mabasi yakaanza kukimbia kati ya Kimara na Kivukoni. Hata kero zinafanana. Machi 2012 wakazi wa Bogotá waliandamana kwa hasira juu ya msongamano na huduma mbovu, vituo vikavunjwa vioo. Anayesubiri basi saa kumi na moja jioni pale Kimara au Gerezani, akiona basi la tatu linapita limejaa, anaijua hasira hiyo bila kufika Colombia.

Namba zenyewe zilibadilika. Kufikia 2003 vifo vya barabarani vilikuwa vimepungua kwa nusu hivi, na mauaji yameshuka hadi chini ya 25 kwa kila watu 100,000. Kusema ni kazi ya waigizaji bubu peke yao ni kuwapamba. Kulikuwa na polisi walioboreshwa, masharti ya silaha, mabasi mapya, na mameya wawili wasioelewana waliokubali kutovunja alichojenga mwenzake. Hilo la mwisho huenda ndilo gumu kuliko yote, na wanaoishi kwenye majiji ambayo kila kiongozi mpya anaanza upya wanalielewa.

Kitu kizee kuliko mameya wote hao kilianzishwa na vijana wapenda baiskeli. Desemba 1974 waliomba barabara kubwa zifungwe kwa saa chache, maelfu wakajitokeza. Serikali ya jiji ikalichukua wazo, na hakuna meya aliyethubutu kulifuta. Kigali nayo tangu 2016 ina siku zake za barabara bila magari. Bogotá ni kila Jumapili na sikukuu, kuanzia saa moja asubuhi, zaidi ya kilomita 100. Bibi na mjukuu, wakimbiaji, mbwa, wauza juisi ya matunda, wasichana wa mtaa wa kitajiri na vijana wa mtaa wa kimaskini kwenye lami moja. Saa nane mchana vizuizi vinaondolewa, na magari yanarudi.