Ukoo wa Kahawa ya Nyeri

SL28, kahawa iliyoijengea Nyeri jina kwa wanunuzi wa ng'ambo, ilianzia kwenye mti mmoja. Mwaka 1931 A. D. Trench, afisa wa kahawa wa serikali ya kikoloni, alikuwa katika ziara ya Tanganyika, na huko Monduli akaona kahawa iliyovumilia ukame na wadudu kuliko nyingine. Mbegu zake zikaletwa Kabete, kwenye Maabara ya Scott, na mwaka 1935 wataalamu wakachagua mti mmoja wakaupa namba 28. Herufi SL ni za jina la maabara. Mti ule ndio babu wa kahawa yangu hapa Mukurwe-ini, na ya majirani wengi hadi Othaya na Mathira.

Nimekulia kwenye kahawa. Utotoni kazi yangu ilikuwa kubeba maji ya kuchanganyia dawa, ujanani nikawa kibarua kwenye kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru, na leo nina kitalu cha miche. Kadiri ninavyoijua, ndivyo ninavyoshangaa jinsi ukoo huu ulivyo mdogo. Arabika yote duniani ilitokana na robusta kuchanganyika na aina nyingine ya porini iitwayo eugenioides, maelfu mengi ya miaka kabla ya mtu yeyote kuinywa. Ndiyo maana arabika ina kromosomu 44 na robusta 22. Tena hujichavusha yenyewe, mtoto akafanana na mzazi. Mbegu chache zilitoka Ethiopia zikafika Yemeni, na kutoka Yemeni chache zaidi zikaenda ulimwenguni kwa njia mbili kuu: Typica na Bourbon. Hiyo Bourbon ndiyo mapadre wa Kifaransa walioipanda Bura, Taita, mwaka 1893, kisha St. Austin's, Nairobi. Wakulima wa zamani waliiita tu French Mission.

Sasa, kama watoto hufanana na wazazi, tofauti zilitoka wapi?

Kila chembe ya mti inapogawanyika, maandishi yote ya DNA hunakiliwa upya. Fikiria karani wa kiwanda anayenakili daftari la kilo za wakulima usiku kucha: hata awe mwangalifu namna gani, mahali fulani 6 itageuka 8. Miale ya jua huongeza makosa hayo, na kemikali fulani vilevile. Mengi hayana athari yoyote, mengine hudhuru. Mara moja moja kosa huzaa kitu kipya, na likiwa ndani ya mbegu, hurithiwa. Kati ya 1915 na 1918, katika jimbo la Minas Gerais, Brazili, mti wa Bourbon ulionekana mfupi, vifundo vya matawi vikiwa vimekaribiana. Badiliko lilikuwa la jeni moja tu. Hakuna aliyeliomba, na sidhani mti ule ungefika mbali msituni, penye kugombea mwanga na majitu yaliyo juu yake. Lakini shambani, mti mfupi unaochumwa bila ngazi ni baraka. Watu wakaupanda, wakauita Caturra. Shikeni jina hilo.

Baadhi ya tofauti hizi mkulima anaziona kwa macho. Nenda kwenye SL28 uangalie majani machanga ya nchani: ni ya kijani. Kwenye SL34 ni ya rangi ya shaba iliyokolea. SL34 ilichaguliwa kutoka shamba la Loresho, Kabete, mti wake ukiwa umeandikwa French Mission, yaani Bourbon. Vipimo vya jeni vya miaka ya karibuni vimeonyesha iko upande wa Typica. Rangi ya shaba, ambayo ni alama ya Typica, ilikuwa ikitwambia hivyo siku zote.

Wazee wetu waliitazama kahawa hii kwenye mashamba ya wazungu kwa muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kuipanda. Meru na Embu walianza miaka ya 1930. Nyeri tulingoja hadi karibu miaka ya 1950, na Mpango wa Swynnerton wa 1954 ndio uliofungua mlango. Kwa hiyo kilima kizima kilipandwa ndani ya miaka michache, miche ya ukoo mmoja, bega kwa bega. Ugonjwa haukuhitaji kupewa nafasi nzuri kuliko hiyo.

CBD, ugonjwa wa tunda la kahawa, ilionekana mara ya kwanza magharibi mwa Kenya mwaka 1922. Huletwa na kuvu inayopenda baridi na mvua. Tunda bichi hupata doa jeusi linalodidimia, kisha hukauka mtini kama kaa la moto lililozimika. Mwishoni mwa miaka ya 1960 iliteketeza mavuno hata serikali ikashtuka. Ndipo zikaja dawa mpya za jamii ya benzimidazoli, na kwa misimu michache zilifanya kazi ajabu. Baba alizipenda kwa sababu hazikuziba pampu kama dawa ya shaba.

Halafu zikashindwa. Nakumbuka baba akisimama kati ya mistari, tunda jeusi kiganjani, akisema, "Huyu mwenye duka ametia maji." Majirani nao walisema hivyo hivyo. Aliongeza kipimo, akarudia kunyunyiza, wapi. Mwaka 1976 watafiti wakachapisha kuwa Kenya sasa ina kuvu ya CBD isiyouawa na dawa hizo. Dawa ya baba ilikuwa halali kabisa.

Watu wengi hadi leo husema kuvu "ilizoea" dawa. Haikuzoea. Tunda moja bovu hutoa mbegu za kuvu kwa mamilioni, na katika wingi huo kunakili hukosewa mara nyingi. Dawa hizi hukamata protini moja inayoisaidia chembe ya kuvu kugawanyika, na badiliko dogo kwenye jeni ya protini hiyo hutosha kuzifanya ziteleze. Kuvu yenye badiliko hilo huweza kuwapo hata kabla ya pampu kufunguliwa, ikiwa nadra na bila faida yoyote. Baba alipoua zile nyingine zote, alikuwa anaifyekea njia. Na kipimo alichoongeza kilifyeka zaidi.

Mwaka 1971 Ruiru ilianza kutafuta kinga ndani ya mti wenyewe. Walikusanya jeni kutoka aina za Rume Sudan na K7, na kutoka mti uliopatikana kisiwani Timor mwaka 1927, ambao ni arabika iliyozaana na robusta. Wa Timor ulikuwa umeshachanganywa na Caturra, yule mfupi wa Brazili, ukaitwa Catimor, na huo ndio ukawa mama wa Ruiru 11 iliyotolewa 1985. Mfupi ule uliozaliwa kwa bahati ndio sababu Ruiru 11 hupandwa miti 2,500 kwa hekta, mahali SL28 ilipopandwa 1,330.

Kazi yangu Ruiru ilikuwa kuchavusha kwa mkono, maana kila mbegu ya Ruiru 11 ilibidi ichanganywe upya. Ua lazima ulikute bado limefumba, jeupe, limesimama kama mshumaa. Unakata petali kwenye shina lake na kuzivuta pole. Viungo vya kiume vimeshikamana nazo, hutoka pamoja. Kinabaki kijiti cha kike peke yake. Unafunika tawi kwa mfuko, kisha unaleta chavua ya baba mrefu mwenye damu ya SL28. Mbegu zilikuwa hazitoshi kamwe. Wakulima walingoja miche miaka. Batian, aina iliyotolewa 2010, haihitaji kazi hiyo.

Kinga nayo ina mwisho. Honduras walikuwa na Catimor yao, Lempira, iliyosifiwa kwa kustahimili ugonjwa wa kutu ya majani, na mwaka 2017 ilithibitishwa kwamba kutu imeshaishinda. Mimi huuza Ruiru 11, ambayo nayo ni mtoto wa Catimor. Msimu huu nimegeuza majani ya chini nikakuta unga wa rangi ya chungwa, dalili ya kutu, kwenye miti yake miwili. Nimeyachuma, nimeyatia kwenye bahasha ya khaki, na keshokutwa yanapanda matatu kwenda Ruiru wakapime ni kutu ya aina gani.