Cheti, Usajili na Kifungu cha 162

Kwa Mkenya aliyemaliza sekondari, cheti cha KCSE ndicho mwajiri anachokiomba kwanza. Juu kuna jina, namba ya mtahiniwa na shule. Chini zinafuata alama za kila somo. Mahali fulani katikati palikuwa na alama ndogo ya jinsia, ambayo watu wengi hawajawahi hata kuitazama mara mbili. Audrey Mbugua alifanya mtihani huo mwaka 2001 akapata A-minus, daraja ambalo kwa familia nyingi ni sababu tosha ya kuchinja mbuzi. Lakini cheti chake kilibeba jina la kiume na alama ya kiume, na aliyekuwa akikipeleka kwenye usaili ni mwanamke. Ukiwa mwajiri, utadhani mtu ameokota cheti cha mwingine.

Mbugua alikwisha badili jina kwa njia ya kisheria. Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC) likakataa kumpa cheti kipya, naye mwaka 2013 akalipeleka mahakamani. Tarehe 7 Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu aliamuru baraza litoe cheti chenye jina jipya kisicho na alama ya jinsia. Ukisoma uamuzi huo ukitarajia hotuba ndefu juu ya nini kinamfanya mtu awe mwanamke, utaondoka mikono mitupu. Jaji alifungua kanuni za baraza lenyewe, akaona zinaruhusu cheti kurudishwa kurekebishwa, kisha akasema jambo ambalo mwalimu yeyote analijua: mtahiniwa hapewi alama kwa kuangaliwa jinsia, na cheti hakiwi bandia kwa kukosa herufi hiyo.

Historia ya harakati za haki za wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia nchini Kenya inafanana sana na kesi hiyo. Ilipobisha mlango kwa swali dogo la ofisini (jina, cheti, usajili, kipimo cha daktari) mara nyingi ilifunguliwa. Ilipouliza swali lenyewe zima, mlango ukafungwa kwa kishindo.

Swali zima limeandikwa kwenye vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu. Kifungu cha 162 kinazungumzia kuingiliana "kinyume na maumbile", kifungo miaka 14. Kile cha 165, kuhusu vitendo vichafu baina ya wanaume, kinafika miaka mitano. Wanasiasa hupenda kuvitaja vifungu hivi kama kuta za mila zetu. Fundi aliyezijenga, hata hivyo, hakuwa Mkikuyu, Mdigo wala Mjaluo.

Waingereza walipoitangaza himaya yao Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, hawakukaa kitako kutunga sheria mpya. Walichukua zile za India. Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, ambayo rasimu yake ya mwanzo iliandikwa na tume ya Thomas Macaulay katika miaka ya 1830, ilianza kutumika hapa, na kwa muda rufaa kutoka Mombasa na Unguja zilivuka bahari hadi Mahakama Kuu ya Bombay. Mwaka 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika zilipata kanuni mpya, na safari hii asili yake ilikuwa mbali zaidi: sheria ya jimbo la Queensland, Australia, iliyoandikwa na Samuel Griffith, ikapitia Nigeria kabla ya kutua Nairobi, Entebbe na Dar es Salaam. Makarani walibadilisha jina la nchi na mambo machache, basi. Wakongo na Wanyarwanda wanaozungumza Kiswahili hicho hicho hawakurithi kosa hilo, kwa sababu tu Wabelgiji waliowatawala hawakuwa nalo kwenye vitabu vyao.

London yenyewe ilianza kujirudi mapema. Kamati ya John Wolfenden ilipendekeza mwaka 1957 kwamba mambo ya faragha baina ya wanaume wazima yasiwe jinai, na Bunge likakubali kwa Uingereza na Wales mwaka 1967. Kufikia hapo Kenya ilikuwa huru kwa karibu miaka minne, na vifungu vyake vikabaki.

Kwa miongo mingi hapakuwa na harakati za kusimulia. Palikuwa na watu waliofahamiana, vikundi vidogo vya kusaidiana vilivyojificha Nairobi na Mombasa, na UKIMWI. Ugonjwa huo ndio ulioilazimisha serikali kuwatazama watu ambao sheria yake haikutaka kuwaona. Mwaka 2006 vikundi kadhaa viliungana kuunda muungano wa GALCK, na Januari 2007, Jukwaa la Kijamii la Dunia lilipofanyika uwanjani Kasarani, wanachama wake walisimamisha hema lao wazi katikati ya umati. Mpango wa taifa wa kupambana na UKIMWI uliotolewa mwaka 2009 uliwataja wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume kama kundi la kuhudumiwa. Wizara ya afya ikawa inawatafuta watu hao iwape dawa, wakati polisi wanaweza kuwatafuta wawatie pingu.

Mgongano huo ulilipuka Mtwapa. Februari 2010 uvumi ulienea mjini kwamba wanaume wawili wanafunga ndoa. Imamu na wachungaji walitoa tamko la pamoja, na Ijumaa ya tarehe 12 umati ukaizingira kliniki ya taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, ambako wanaume hao walikuwa wakipata huduma za UKIMWI. Watu walipigwa, na polisi wakawachukua wengine kuwaokoa na kipigo. Harusi yenyewe haikuonekana popote. Kilichofuata hakikupata vichwa vya habari: shirika la PEMA Kenya la Mombasa lilianza kukaa na viongozi wa dini, Waislamu kwa Wakristo, wakazungumza kwa siku nyingi. Baadhi ya viongozi hao hawakubadili msimamo wao wa kidini hata kidogo, lakini walikubali kwamba mtu hapigwi. Ni mafanikio ambayo hayahesabiki kirahisi, na pengine ndiyo yaliyookoa maisha mengi kuliko hukumu yoyote.

Mwaka huo huo wa 2010 Wakenya walipiga kura kupitisha Katiba mpya. Sura yake ya haki mara nyingi inazungumza juu ya kila mtu. Mawakili waliisoma kwa makini. Desemba mwaka huo Mahakama Kuu iliamua kesi ya mfungwa wa Kamiti aliyezaliwa huntha, ambaye alidhalilishwa na walinzi waliotaka kuona maumbile yake, ikamtunuku shilingi 500,000. Mahakama haikukubali kuanzisha jinsia ya tatu. Lakini mlango mdogo ulikwisha sogea, na sensa ya 2019 ikawa ya kwanza barani Afrika kuwahesabu huntha: 1,524 kwa nchi nzima, idadi ambayo bila shaka ilipunguzwa na aibu na hofu.

Kati ya waliousukuma mlango huo alikuwa Eric Gitari, wakili kijana. Alitaka kusajili shirika la kutetea haki za binadamu za wapenzi wa jinsia moja. Bodi ya Kuratibu Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ilimwambia jina halifai. Akapeleka lingine, halikufaa. Akapeleka mengine, nayo yakakataliwa kwa sababu ile ile: Kanuni ya Adhabu inaharamisha mambo yao. Gitari angeweza kujificha kama wengine wengi, akasajili shirika lenye jina la afya au vijana. Aliamua kulipigania jina.

Tarehe 24 Aprili 2015 majaji Isaac Lenaola, Mumbi Ngugi na George Odunga walimpa ushindi. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuieleza: Katiba inampa kila mtu haki ya kujiunga na wenzake, na sheria ya jinai inaadhibu vitendo, haimwadhibu mtu kwa alivyo. Serikali ikakata rufaa. Mahakama ya Rufaa ikaafiki mwaka 2019 kwa kura tatu dhidi ya mbili, Martha Koome akiwa miongoni mwa watatu. Serikali ikapanda tena. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, Koome alikuwa Jaji Mkuu na Lenaola alikuwa jaji wa mahakama hiyo hiyo. Hawakuwa kwenye jopo, maana wote walikwisha isikiliza huko chini. Tarehe 24 Februari 2023, Philomena Mwilu, Smokin Wanjala na Njoki Ndung'u walikubaliana na Gitari. Mohammed Ibrahim na William Ouko walipinga. Miaka kumi kortini kwa ajili ya cheti cha usajili.

Pwani nako kulikuwa na kesi yake. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa kaunti ya Kwale na kupelekwa hospitali ya Mombasa, wakafanyiwa uchunguzi wa sehemu za siri kwa nguvu ili kupata ushahidi, kipimo ambacho madaktari duniani wamekiita bure kisayansi. Mahakama Kuu ya Mombasa iliona hakuna ubaya. Mahakama ya Rufaa, Machi 2018, ikasema ni kinyume cha sheria. Tena swali dogo: daktari anaruhusiwa kufanya nini kwa mwili wa mshukiwa?

Ndipo lilipokuja lile kubwa. Kesi mbili za mwaka 2016 ziliunganishwa kuitaka Mahakama Kuu ifute vifungu vya 162 na 165. Matumaini yalikuwa juu, hasa baada ya Mahakama ya Juu ya India, Septemba 2018, kukiondolea makali kifungu cha 377 cha kanuni ile ya 1860 iliyowahi kutumika hapa. Upande wa pili ulijipanga pia: jukwaa la wataalamu Wakristo na mwanasiasa Irungu Kang'ata waliingia kwenye kesi kuvitetea. Mwandishi Binyavanga Wainaina, ambaye Januari 2014 alijitangaza hadharani kuwa mpenzi wa wanaume, alifariki tarehe 21 Mei 2019. Hukumu ilisomwa siku tatu baadaye.

Majaji Roselyne Aburili, Chacha Mwita na John Mativo walikuwa na kauli moja. Hapakuwa na ushahidi wa kuridhisha, walisema, kwamba mtu huzaliwa hivyo; na kuviondoa vifungu kungefungua njia ya watu wa jinsia moja kuishi pamoja, ilhali Katiba inatambua ndoa ya mume na mke tu. Hoja ya pili ina utata wake, kwa sababu walioshitaki hawakuomba ndoa. Lakini ndiyo iliyogusa hofu halisi ya Wakenya wengi, na majaji hawaishi mwezini. Siku 18 baadaye Mahakama Kuu ya Botswana, ikishughulika na sheria ya ukoo ule ule, iliifuta. Walioshindwa Nairobi walikata rufaa.

Ukivuka mpaka wa Busia unaona jinsi hata swali dogo linavyoweza kukwama. Uganda nayo ilikuwa na ushindi wa namna ile: Desemba 2008 Mahakama Kuu ya Kampala ilimpa haki Victor Mukasa, ambaye kiongozi wa mtaa alivamia nyumba yake bila kibali, na baadaye ikaliamuru gazeti moja likome kuchapa picha na majina ya watu waliotuhumiwa kuwa wapenzi wa jinsia moja, likiwemo la mwanaharakati David Kato. Kato aliuawa nyumbani kwake tarehe 26 Januari 2011, wiki chache baada ya amri hiyo. Sheria kali ya 2014 ilibatilishwa kwa kukosa akidi bungeni, si kwa maudhui yake. Ile ya 2023, yenye hadi adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa, sehemu yake kubwa iliachwa isimame na Mahakama ya Katiba. Na shirika la SMUG, lililoomba usajili kama Gitari, lilikataliwa na Mahakama ya Rufaa Machi 2024. Hoja zile zile, kilomita mia chache, jibu tofauti.

Nairobi, ushindi wa 2023 ulizaa ghadhabu. Siku chache baadaye Rais William Ruto alisema mila na dini za Wakenya haziruhusu ndoa za jinsia moja, ingawa hukumu haikugusa ndoa. Mbunge George Peter Kaluma aliiomba Mahakama ya Juu ipitie upya uamuzi wake, akakataliwa Septemba. Wakati huo alikwisha andaa mswada wa kulinda familia wenye adhabu nzito zaidi ya zile za mkoloni. Baadhi ya wanaharakati waliokuwa wakisherehekea Februari walijikuta wakipokea vitisho.

Waliobadili jinsia waliendelea na njia yao ya pembeni. Miezi michache kabla ya cheti cha Mbugua, Julai 2014, Jaji Odunga alikuwa ameiamuru bodi ya mashirika isajili chama chao cha elimu na utetezi, TEA. Hatua ndefu zaidi ilitoka Eldoret Agosti 2025, katika kesi ya mwanamke aliyebadili jinsia ambaye aliwahi kuvuliwa nguo na kupekuliwa mwili akiwa mahabusu. Jaji Reuben Nyakundi alimpa fidia ya shilingi milioni moja, kisha akaiagiza serikali ilete sheria ya kuwalinda watu hao, au iwaingize kwenye mswada wa huntha ambao tayari ulikuwa umeandikwa.