Mgomo wa Tsavo na Suala la Mtendaji katika Filamu

Mjadala kuhusu ukweli wa kihistoria katika filamu zinazosimulia madai ya haki huishia mara nyingi katika kuhesabu makosa: tarehe imekosewa, vazi halikuwapo. Suala lenye uzito zaidi ni la mtendaji. Nani katika hadithi amepewa uwezo wa kutenda, na nani amebakiziwa kutendewa tu?

Mfano tulio nao karibu ni wa Tsavo, kaskazini-magharibi ya Voi, ambako mwaka 1898 reli iliyotoka Mombasa ilikuwa ikijengewa daraja. Filamu ya The Ghost and the Darkness (1996) ilipigiwa Afrika Kusini, na simba wake wana manyoya ya shingo ambayo simba wale wawili hawakuwa nayo. Hayo tuyapite. Tutazame vibarua.

Msimamizi wa daraja, J. H. Patterson, aliacha kitabu kilichotoka mwaka 1907. Anasimulia kwamba waashi kutoka Bara Hindi walilipwa rupia 45 kwa mwezi, na makuli rupia 12. Aliposhuku kwamba wengi wao hawakuwa waashi wa kweli, alianza kuwalipa kwa kipimo cha kazi. Wakala njama dhidi yake, na viongozi wao wakashtakiwa Mombasa. Kisha, tarehe 1 Desemba 1898, vibarua wengi walimwendea wakamwambia kwamba mkataba waliokuja nao ulikuwa wa kufanya kazi, si wa kuliwa. Walijilaza relini, wakasimamisha garimoshi, wakapanda na mizigo yao. Ujenzi ukasimama kwa takriban majuma matatu.

Msimulizi huyu ni mwajiri, tena mwenye kupenda kujikweza: baadaye alidai kuwa simba hao walikula watu 135, ilhali utafiti wa mifupa na manyoya yao uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria watu 35 hivi. Yeye aliona woga tu. Hata hivyo, katika kinywa chake hichohicho hoja ya mkataba inasikika, na hoja ya mkataba ni dai la haki.

Filamu inafanya nini na dai hilo? Haiwanyimi vibarua kauli kabisa, kwani yumo Abdullah, msemaji wao, aliyeigizwa na Om Puri. Lakini mzozo wa ujira haumo, na kuondoka kwao kunasafisha jukwaa tu ili wawindaji wabaki na simba. Kwa kuwa Patterson peke yake hakutosha, amebuniwa Mmarekani aitwaye Remington aje kuokoa.

Mwokozi wa namna hii tumemwona kwingine. Mississippi Burning (1988), iliyochochewa na mauaji ya Chaney, Goodman na Schwerner ya mwaka 1964, inawafanya majasusi wa FBI kuwa mashujaa, na Weusi kuwa watu wa kungoja. Selma (2014) ililaumiwa kwa kutomtendea haki Rais Johnson. Lawama hiyo ina msingi, ila filamu hiyo haikukosea kuhusu nani aliyeandamana, na kwa mizani yetu imeikaribia historia zaidi.

Mtunzi ana uhuru wa kubuni. Ebrahim Hussein aliutumia katika Kinjeketile (1969), akakataa kufungwa na kila tukio la Maji Maji, lakini hakuwapora Wamatumbi vita vyao.

Taita inayo historia nyingine inayomngoja mtunzi: Taita Hills Association, chama kilichopigania ardhi mwishoni mwa miaka ya 1930, Woresha Mengo akiwa miongoni mwa viongozi wake. Serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku mwaka 1940, pamoja na Kikuyu Central Association na Ukamba Members Association, na viongozi wakatiwa kizuizini. Kamera ikianza katika ofisi ya mkuu wa wilaya, Mengo ataingia kama faili mezani. Ikianza vilimani, katika kikao cha watu waliopoteza mashamba, mkuu huyo ndiye atakayebisha hodi.